Ukimkaribia anakupita, ukirudi nyuma anarusha

Jana magharibi, uwanja wa simiti wa mpira wa kikapu hapa Tudor, Mombasa, kijana wa miaka 16 amenifunga mara nne mfululizo bila hata kunigusa. Anadunda mara mbili, anasimama ghafla, anaruka, mpira anauachia akiwa juu kabisa. Wanaokimbilia kikapuni nimewazoea, hao unawaziba njia. Huyu utamziba wapi?

Ndiyo maana sikubali nikiambiwa urefu na nguvu vyatosha. Kwenye NBA, ligi ya Marekani, jitu Shaquille O'Neal alitawala chini ya kikapu, kweli, na Giannis Antetokounmpo alifunga pointi 50 usiku timu yake ya Milwaukee ilipotwaa ubingwa wa 2021. Lakini Michael Jordan, umri ulipompunguzia kasi, alizidi kutegemea kuruka na kurusha huku akiegemea nyuma. Stephen Curry naye alitia mitupo 402 ya mbali, ile ya pointi tatu, msimu wa 2015-16. Mabeki wakalazimika kumfuata mbali na kikapu, wenzake wakapata uwazi.

Na hapa kwetu kuna kusi, mpira unayumba hewani. Bado kijana yule alikuwa anatia tu! Nikamuuliza, "Mdogo wangu, wafanya mazoezi saa ngapi?"

"Baada ya swala ya alfajiri, kaka, kabla ya shule."

Leo tumerusha pamoja mpaka jua likatoka.