Kabla hujagusa HEAP, angalia nani kaiweka

Jobu ya COBOL kwenye mainframe ya IBM ikianguka na S878-10 (yaani memori haitoshi) wengi wanakimbilia kuongeza REGION, kiasi cha memori inachopewa jobu, haisaidii, wanaweka REGION=0M (ipewe yote iliyopo), inaanguka tena, hapo sasa lawama zinaanza kurushwa kwa watu wa sistimu. Jamani, kabla ya yote hayo washa RPTOPTS(ON), inayochapa ripoti ya opsheni, uone programu inatembea na opsheni zipi hasa, maana unazodhani zipo na zilizopo kweli mara nyingi ni vitu viwili tofauti kabisa.

Language Environment ya z/OS (sehemu inayoendesha programu za COBOL, C na PL/I) inaokota opsheni sehemu kibao. Kuna za IBM zenyewe, juu yake zinakuja za mashine nzima kwenye CEEPRMxx, halafu kuna CEEUOPT, moduli ya opsheni ambayo mtu aliilinki humohumo ndani ya programu, halafu ndo hizi unazoandika kwenye JCL, maagizo ya kuendesha jobu. Anayekuja nyuma anamfunika wa mbele, isipokuwa opsheni iliyopigwa NONOVR, hiyo uandike usiandike haibadiliki.

Kazini tulikuwa na jobu ya usiku ya hivyo. CEEPRMxx ilikuwa safi, HEAP (hipu, memori ambayo programu inaiomba ikiwa inatembea) imewekwa ANYWHERE, yaani popote, kila mtu anaapa opsheni ziko sawa. Ripoti ilipotoka kwenye SYSOUT, pato la jobu, mstari ulikuwa huu:

Programmer default   HEAP(32768,32768,BELOW,KEEP,8192,4096)

Soma kushoto kwanza. Programmer default maana yake imetoka kwa CEEUOPT, si kwa mashine. Na BELOW inalazimisha hipu ikae chini ya mstari wa MB 16, huko hata REGION=0M haikupi nafasi ambayo haipo, kwa hiyo kadiri jobu ilivyoita programu ndogo nyingi ndivyo ilivyobanwa mpaka ikakata. Aliyeilinki zamani alikuwa na sababu yake nzuri tu, kulikuwa na asembla ya AMODE 24 (inayofikia memori ya chini ya MB 16 tu) inaitwa mle ndani, asembla ikaja kuondolewa ila CEEUOPT ikabaki.

Tukahakikisha kwanza hakuna AMODE 24 iliyobaki (hili msiliruke, mtahamishia S0C4, kosa la kugusa memori isiyofikika, sehemu nyingine), tukajaribu kwa JCL bila kugusa programu:

//CEEOPTS DD *
HEAP(,,ANYWHERE),RPTOPTS(ON)
/*

Ikapita, ripoti ikaonyesha HEAP sasa imetoka DD:CEEOPTS, ndo tukailinki programu upya bila CEEUOPT.

Napenda CEEOPTS kuliko PARM (kigezo kinachopitishwa kwa programu kwenye JCL) kwa sababu ya ule mkwaju, alama ya /. COBOL kwa kawaida inataka data kwanza, mkwaju, halafu opsheni, yaani PARM='20240131/RPTOPTS(ON)', wakati C na PL/I ni kinyume chake. Ukisahau mkwaju kwenye COBOL hupati kosa lolote, programu inapokea RPTOPTS(ON) kama data na wewe unabaki unatafuta ripoti ambayo haitakuja, na hili linawasumbua sana vijana wanaoanza, wanahisi hawajui kazi kumbe ni alama moja tu.

RPTSTG(ON), ripoti ya matumizi ya memori, nayo inasaidia kupima STACK (memori ya miito ya programu) na HEAP zinakula kiasi gani, ila izime ukimaliza, inapunguza spidi. Na kwa CICS, mfumo wa miamala ya moja kwa moja, usihangaike na CEEOPTS, haisomwi kule, tumia muamala wa CLER, ripoti utaikuta kwenye foleni ya CESE.