Nilihesabu kope za Elon Musk, mjomba akapigwa

Mtu akikuambia video bandia inajulikana kwa macho yasiyopepesa, mwambie akalale. Ushauri huo ulikuwa na maana mwaka 2018, watafiti walipoona kwamba nyuso za kutengenezwa na kompyuta hazipepesi macho vizuri. Mafundi wa hizo video walishajirekebisha zamani. Mimi nilikuwa bado nautumia, tena kwa madaha.

Mjomba alinitumia video: Elon Musk amekaa kitini, anasimulia mashine ya akili mnemba inayonunua na kuuza bitcoin, ile sarafu ya mtandaoni, yenyewe, wewe unalala tu. "Mjomba, hebu niangalizie hii," akaandika. Nikaikalia kama hakimu. Macho yalipepesa mara 9 ndani ya nusu dakika. Vidole vitano kila mkono. Nikamjibu kitaalamu kabisa: "Ni yeye mwenyewe, mjomba."

Akatuma dola 250 hivi. Siku chache baadaye akaunti ikawa inaonyesha karibu 900, naye akanishukuru mpaka nikaona haya. Alipotaka kuzitoa, akaambiwa alipe kwanza kodi ya faida. Kodi inayolipwa kabla hujashika hata senti! Hapo jasho likanitoka.

Nikairudia video kwa mwendo wa kobe, macho kwenye mdomo tu. Herufi b, m na p huwezi kuzitamka bila midomo kugusana. Jaribu sasa hivi uone. Huyu bwana kila akisema "bitcoin" mdomo uko wazi kama samaki aliyetupwa nchi kavu. Nikadhani simu yangu ndiyo inasuasua, nikahamia kwenye kompyuta. Mambo yaleyale. Alitaja bitcoin mara 7, midomo ikagusana mara 2. Nilicheka peke yangu kama chizi, halafu nikakumbuka pesa ni za nani.

Sikuridhika, maana kesho mdomo nao watauweza. Nikasimamisha video, nikapiga picha ya skrini na kuitafuta kwa Google Lens. Mahojiano halisi yakajitokeza: shati lilelile, glasi ya maji ileile, mkono unainuka palepale, ila huko anazungumzia roketi. Walichofanya ni kumwazima mwili, wakabandika maneno yao.

Halafu tovuti yenyewe: nilipoangalia imesajiliwa lini, haikuwa na hata miezi miwili. Na kwenye orodha ya kampuni zenye leseni ya mamlaka ya masoko ya mitaji, haimo. Hilo lilinichukua kama dakika 5, na ndilo nililopaswa kuanza nalo badala ya kuhesabu kope. Mwaka 2023 Uingereza walimchezea hivyohivyo Martin Lewis, mwandishi wa mambo ya fedha, wakamfanya ausifie uwekezaji unaodaiwa kuwa wa Musk. Lewis mwenyewe hafanyi matangazo, na amekuwa akilisema hilo miaka yote. Wakati mwingine kumtafuta mhusika kwenye kurasa zake kunatosha.

"Kodi" hatukulipa. Zile 250 ndizo zimekwenda.

Wiki iliyofuata mjomba akapigiwa simu na "wakili" anayerudisha pesa zilizotapeliwa, kwa ada kidogo tu ya kuanzia. Akamwambia asubiri kwanza, ana mtaalamu wa kope anataka kumuuliza.