Jinsi nilivyoziona Zohali na Mshtarii kwa darubini ya bomba la plastiki

Mwaka 2023 nilitengeneza darubini nyumbani kwangu, nje kidogo ya mji wa Dodoma, ambako wakati wa kiangazi mawingu huwa machache na nyota huonekana vizuri uani.

Lenzi kuu niliipata kwa fundi miwani: lenzi ya +1 ambayo ilikuwa bado haijakatwa ili iingie kwenye fremu. Lenzi ya nguvu hiyo hukusanya mwanga kwenye umbali wa mita 1, nami nilihakikisha kwa kuishika mbele ya ukuta unaotazamana na dirisha na kuisogeza taratibu, hadi mwarobaini wa uani ukajichora ukutani, mdogo, wenye rangi zake zote, kichwa chini miguu juu. Lenzi ya jichoni niliitoa kwenye darubini ya macho mawili iliyovunjika. Kwa kuwa umbali wake wa fokasi, yaani umbali ambapo hukusanya mwanga, ni milimita 25, lenzi hizo mbili kwa pamoja hukuza mara 40. Mwili ni bomba la inchi 3 nililolipaka rangi nyeusi kwa ndani.

Usiku wa kwanza, mwezi Agosti, sayari ya Zohali ilinivunja moyo. Niliona doa la mwanga lililozungukwa na zambarau na njano, lisilo na umbo lolote. Niliifuta lenzi, nikaigeuza, nikaifuta tena, wala hapakuwa na nafuu. Lenzi moja ya miwani hupinda kila rangi kwa kiasi chake, na ukingo wake ndio unaoharibu picha zaidi. Basi nilikata duara la kadibodi, nikalitoboa katikati tundu la sentimita 3, nikaifunika lenzi kwa hilo. Mwanga ulipungua sana, lakini picha ilitulia. Ningetamani kila anayejaribu kazi hii alijue jambo hilo mapema, kwa sababu wengi huacha wakidhani wameuziwa kioo kibovu.

Shida iliyobaki ilikuwa mtikisiko. Niliposhika bomba kwa mikono, sayari ilirukaruka, kwa hiyo nililiegemeza kwenye panda ya mti iliyosimikwa ndani ya ndoo ya mchanga. Hata hivyo dunia inazunguka, na sayari hulivuka eneo lote linaloonekana kwa dakika 4 hivi. Zohali ilikuwa karibu na utosi, nikalazimika kulala chali mkekani.

Nikaiona: yai dogo la rangi ya samli, lenye masikio mawili. Galileo, mtaalamu wa nyota wa Italia, naye aliyaona masikio hayo mwaka 1610 asijue ni nini, hadi Huygens, mwanasayansi wa Uholanzi, alipoeleza mwaka 1659 kwamba ni pete.

Mwezi Novemba mimi na binti yangu tuligeukia sayari ya Mshtarii, ambayo miezi yake minne mikubwa huonekana kama nukta zilizopangwa mstari mmoja. Tuliichora daftarini kila usiku usio na mawingu. Siku moja, saa mbili usiku, binti yangu alitazama akasema, “Baba, leo ziko tatu.” Tulisubiri. Ilipofika saa tano alitazama tena, akanyamaza kidogo, kisha akachukua penseli na kuiweka nukta ya nne, karibu kabisa na ukingo wa sayari.