Kuku wa kujaza mkate, Idd ya nyumbani kwetu

Marehemu baba alikuwa mpishi wa mameneja wa mashamba ya mkonge, tangu kabla mashamba mengi hayajataifishwa mwaka 1967. Mapishi ya jiko lile alikuja nayo Ngamiani, mjini Tanga, na mengi yamekufa. Kuku wa kujaza mkate amebaki. Kwa wale mabwana kilikuwa chakula cha Krismasi. Kwetu kikahamia Idd.

Kazi yote iko kwenye mkate, kuku ni kisingizio tu. Nanunua boflo zikiwa zimebaki siku mbili tatu mwezi uandame, zile zenye ganda gumu. Mkate wa slesi wa mfukoni una sukari na ni laini mno, ukinusa supu tu umekuwa uji. Naukata vipande vikubwa kidogo kuliko kete za bao, navianika kwenye ungo, na jioni naviweka kwenye sufuria juu ya makaa yanayozima. Kwa unyevu wa bahari ya Tanga, ukiufungia mkate kwenye mfuko unaota ukungu badala ya kukauka. Mwezi ukikataa kuonekana tarehe 29, sina hasara: mkate unazidi kukauka, na mkavu ndio unaonyonya supu bila kuvurugika.

Jogoo wa kienyeji namchemsha asubuhi hadi aanze kulainika, ndipo napata supu. Vitunguu maji, saumu na seleri ya Lushoto (sokoni Mgandini huwa ipo) navikaanga kwa samli, bila haraka, vilainike visiungue. Halafu giligilani, pilipili manga, bizari nyembamba kidogo, zabibu kavu na yai moja. Wamarekani hujaza batamzinga mkate wa namna hii kwenye sikukuu yao ya Shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba, na kwao majani ya seji ndiyo yanayotoa harufu. Mimi sihangaiki kuyatafuta.

Hivyo vyote navichanganya na mkate, na supu inaingia upawa mmoja mmoja. Fumbata kidogo kiganjani: ushikane, usichuruzike. Wifi yangu kila mwaka husimama nyuma yangu, "Wifi, ongeza supu, mkavu huo!" Namwambia, "Wifi, katazame pilau."

Baba alikuwa na amri moja: kuku hajazwi usiku. Anajazwa pale anapokwenda motoni, tena kwa kulegeza, kwani mkate unavimba. Anayetumia kuku wa kisasa mbichi awe mwangalifu zaidi, kwa sababu maji ya kuku yanaingia ndani ya mkate. Katikati ya mkate pafike nyuzijoto 74, si ngozi kuwa nyekundu tu.

Tumboni mwa jogoo hiyo mikate haiingii yote. Iliyobaki naipanga kwenye sufuria iliyopakwa samli, napalia makaa juu na chini, ya juu yakiwa mengi. Hiyo ndiyo wanayoigombania watoto, maana inafanya ukoko pande zote. Ya tumboni ni laini, wanaachiwa wazee wenye meno yao machache.

Wifi huila na pilau, mkate juu ya wali, na hataki kuulizwa. Mimi naila na kachumbari iliyokamuliwa ndimu, na ikibaki, kesho yake naikaanga kwenye kikaango chenye samli, nanywea chai ya tangawizi.