Nimestaafu, na hapana, sifugi kuku

Ukistaafu Nairobi kila mtu anakuuliza swali moja, "sasa mzee utafanya nini?", na kabla hujafungua mdomo anakujibia mwenyewe. Fuga kuku. Nunua ploti Joska. Rudi ushago upande avokado. Mimi nawaheshimu sana wafugaji lakini maisha yangu yote nimekuwa karani wa mishahara, kuku namjua akiwa kwa sahani.

Halafu mimi nakumbuka kware. Kama ulikuwa hapa mwisho wa 2013 unajua nasema nini, kila mtu na kizimba chake nyuma ya nyumba, mayai yanasemekana yanatibu kila kitu kuanzia presha, watu wanakimbizana na laiseni ya KWS, wale wa wanyamapori, kufika 2014 wauzaji wamekuwa wengi kuliko walaji na bei ikaporomoka hadi mtu anakupa trei bure na hutaki. Wazee wenzangu walimwaga hela zao za kustaafu hapo. Sisi wa serikali wa mpango ule wa zamani ulikuwa unaweza kuchukua robo ya pensheni yako kwa mkupuo, ile ingine inakuja kila mwezi, basi hiyo ya mkupuo ukiipata iache ilale kwanza hata kama shemeji yako ana biashara ya uhakika. Hasa kama ni shemeji.

Lakini leo sikuja kuongea pesa. Kitu hakuna mtu aliniambia ni vile simu inanyamaza. Mtu wa mishahara anatafutwa bana, ikifika tarehe ishirini na kitu kila mtu ni rafiki yako, huyu hajaona marupurupu, yule amekatwa mkopo wa sako mara mbili, hata bosi anakusalimia kwa jina. Halafu siku moja unakatiwa keki, unarudisha funguo, na hakuna mtu anakutafuta tena. Zamani watu walikuwa wanatoka wakiwa na 55, hii ya 60 ilikuja 2009, lakini hata 60 bado uko na nguvu, uko na akili, na uko na asubuhi ndefu sana. Nikaanza kusimama kwa dirisha nikikosoa vile majirani wanaanika nguo. Mke wangu, ambaye bado anaenda kazi, akaniambia, "Baba watoto, tafuta kitu ya kufanya kabla hatujakosana."

Sasa hapo karibu na geti yetu kuna kijana fundi wa viatu, ni kiziwi. Miaka mingi biashara yetu ilikuwa ni mimi kuonyesha soli kwa kidole, yeye kuonyesha bei kwa vidole, naenda. Saa hizi nina muda wa kukaa hapo kwa benchi, na nikaona wenzake wanakuja, wanapiga stori mbaya kwa lugha ya ishara, wanacheka mpaka machozi, na mimi mwenye nilisoma hadi diploma ndio sielewi kitu. Nikamwandikia kwa karatasi, hii lugha mtu anafunzwa wapi? Akanipeleka kwa klasi ya Jumamosi kwa ukumbi wa kanisa huku huku Eastlands.

Mwalimu wetu ni msichana umri wa kitinda mimba wangu, naye pia hasikii, kwa hivyo hakuna kunong'ona ati jirani akupe jibu. Nilidhani kazi iko kwa mikono. Kumbe iko kwa uso! Swali la ndiyo ama hapana unainua nyusi, swali la nani ama wapi unazikunja, na neno lenyewe la kuuliza mara nyingi linakuja mwisho, hiyo haikunisumbua kwa sababu hata sisi tunasema "unaenda wapi". Shida ni kwamba karani wa mishahara amezoea kukaa na uso wa mbao ndio watu wasijue kama pesa iko. Mwalimu alikuwa ananishika mashavu kwa hewa, kutoka mbali, kama anakanda unga, akimaanisha amsha hiyo kitu. Klasi yote inakufa na kicheko. Hiyo raha ya kuwa mjinga kabisa mbele ya vijana, bila cheo, bila ofisi, sikuwa nimeisikia tangu nikiwa shule ya msingi.

Kuna mtu atasema umri umeenda. Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza Eldoret 2004 akiwa na miaka 84, fujo za uchaguzi zikamtoa huko, akaja kwa makao ya wazee hapa Kariobangi na bado akaendelea na shule. Mimi nikiwa na sitini na kitu ni mtoto.

Na si lugha ya pembeni hii, Lugha ya Ishara ya Kenya iko kwa Katiba ya 2010, ni moja ya lugha rasmi za Bunge. Ila mwalimu alituonya mapema, ati ukijua kidogo usijipeleke kutafsiri hospitali ama kortini, hapo neno moja likipotea ni maisha ya mtu, waachie wakalimani waliosomea. Nakubaliana na yeye kabisa.

Kwa hivyo mimi nafanya yangu. Fundi na wenzake wako na chama, wanachanga kila wiki, na vitabu vilikuwa vimechanganyika vibaya, nani amelipa, nani ana mkopo, riba ni ya lini. Hapo ndio nikajua hii kichwa haijastaafu. Nimewachorea leja safi, kila Jumapili mchana tunakaa tunalinganisha na meseji za M-Pesa, na wameshanipa jina langu la ishara, vidole viwili vikisukuma miwani juu ya pua. Simu nayo imeanza kuwaka tena, meseji tupu.

Mweka hazina peke yake ndio ananisumbua. Anasema saba yangu inafanana na moja, anataka niiweke mstari katikati, mimi nimeandika saba hivyo tangu nianze kazi na hakuna mtu alikosa mshahara. Jumapili iliyopita tumebishana hiyo maneno kwa mikono mpaka chai ikapoa, na nadhani wanachama wako upande wake.