Kabla ya kudai talaka, isome hati ya Baraza

Tanzania Bara, mashauri mengi ya talaka hayaangushwi na ushahidi wa ugomvi. Yanaangushwa na karatasi moja: Fomu Na. 3, hati ya Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 101, inataka Baraza lithibitishe kwanza kwamba limeshindwa kuwapatanisha wanandoa. Bila hati hiyo, hukumu inaweza kufutwa kwenye rufaa, mgawanyo wa nyumba ukiwemo, nawe urudi kata kuanza upya. Inauma sana.

Kwa hiyo ukikabidhiwa, usiikunje. Isome palepale. Imetolewa na Baraza la kata anakoishi mume, au la jumuiya yenu, kama BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania)? Barua ya mtendaji wa kijiji haihesabiki. Imeandika wazi kuwa usuluhishi umeshindikana? "Tumewasikiliza, waende mahakamani" haitoshi. Kisha tazama tarehe: siku unapofungua shauri, hati isiwe imepita miezi 6.

Mwenzako akigoma kuja barazani kwa makusudi, hajakufungia njia; sheria inakuruhusu kuendelea. Tunza nakala za wito aliopelekewa. Msamaha wa kupitia Baraza upo pia kama amekutelekeza na hajulikani alipo, au amefungwa miaka 5 na zaidi.

Ndoa ambayo haijatimiza miaka 2 inahitaji kibali cha mahakama kwanza, kwa kuonyesha mateso yasiyo ya kawaida. Na kwa ndoa ya Kiislamu, talaka iliyotamkwa kabla ya kwenda barazani haiipi mahakama msingi wa kuvunja ndoa. Inayohesabika ni ile iliyotolewa baada ya Baraza kushindwa.

Kubatilisha ndoa ni jambo jingine kabisa. Hapo kwa kawaida kasoro ilikuwepo tangu siku ya kufunga ndoa, mfano bibi harusi alikuwa na mimba ya mwingine na mume hajui. Ukidai kwa msingi wa mimba hiyo, ombi lipelekwe ndani ya mwaka 1 tangu siku ya ndoa.

Kuhusu mali, nusu kwa nusu si haki ya moja kwa moja. Mahakama inapima mchango wa kila mmoja, na tangu shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, 1983, kupika, kufua na kulea ni mchango. Hata hivyo uthibitishe: risiti za saruji na mabati, mkataba wa kiwanja, fundi uliyekuwa ukimlipa wewe, jirani aliyekuona ukibeba maji ya ujenzi.