Jini la Mama

Daktari alisema jeni, tena alitamka taratibu. Mama akasikia jini. Ni mtu wa Pangani, na kwao neno hilo halina utani. Akanibana mkono: "Si nilikwambia mdogo wako kachezewa?"

Ilikuwa 2017, wodi ya wanaume. Mdogo wangu alikuwa na miaka 26. Alikwenda kung'oa jino, damu ikagoma kukata siku tatu, kisha mapaja yakatoka mabaka ya zambarau kama aliyepigwa magongo. Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zilikuwa 14,000 kwa mikrolita; mtu mzima hutakiwa awe nazo kuanzia 150,000. Kijana wa maabara, niliyewahi kumfundisha, aliniachia nichungulie hadubini. Seli zilijaa punje, na katika mojawapo vijiti vyekundu vimelala pamoja kama tita la kuni. "Hivyo vijiti, mwalimu," akaninong'oneza, "ndivyo vilivyomtoa daktari nyumbani usiku." Ilikuwa saratani ya damu.

Nilikuwa na miaka minane ya kufundisha baiolojia. Kromosomu, zile nyuzi ndani ya seli zinazobeba jeni, yaani maagizo ya mwili, nimezichora ubaoni kwa chaki za rangi mpaka mkono ukachoka. Mbele ya mama nikakosa pa kuanzia.

Maana swali lake la pili lilikuwa zito kuliko la jini: "Limetoka upande gani? Kwa baba yenu, au kwetu?" Nikaona kumbe usiku kucha alikuwa akijihukumu. Daktari akamjibu kwamba halikutoka upande wowote. Hakuzaliwa nalo, wala wanawe hawatalirithi. Ndani ya uboho, ule ute wa mifupa unaotengeneza damu, katika seli moja tu, kromosomu ya 15 na ya 17 zilikatika zikabadilishana vipande, na seli hiyo ikazaa nyingine mfano wake. Mama alitikisa kichwa kwa adabu, kama anavyomtikisia mtu anayemuuzia sahani mbovu.

Basi nikachomoa kanga mbili mfukoni mwake. "Mama, chukulia hii jina lake Haraka haraka haina baraka, na hii Subira huvuta heri. Mtu akazikata katikati, akazishona kinyume. Kitambaa kimepungua?"

"Hakijapungua."

"Ya kwanza sasa inasemaje?"

Akafikiri. "Haraka haraka huvuta heri." Akanyamaza, kisha: "Toba!"

Ndivyo ilivyo. Kwenye kromosomu ya 17 kuna jeni iitwayo RARA, inayosaidia seli changa ya damu ikomae. Ikishonewa kwenye jeni nyingine, PML, ya kromosomu ya 15, amri inageuka: seli zinazaliana bila kukua, zinabana nafasi ya damu yenye afya, na zinavuruga ugandaji hadi mtu anaweza kufa kwa kuvuja damu. Aliyeonyesha mwaka 1977 kwamba ni 15 na 17 ni Janet Rowley, mtafiti wa Chicago. Huyo alizoea kukata picha za kromosomu kwa mkasi kwenye meza ya kulia, watoto wake wakimtania kuwa anacheza. Nilikuja kulisoma baadaye. Ningelijua siku ile, mama angempenda.

Dawa ilianza usiku uleule, kabla majibu ya jeni hayajarudi, kwa sababu ugonjwa huu haungojwi. Vidonge laini, jamaa ya vitamini A. Haviui seli changa, vinazilazimisha zikomae. Huko Shanghai, China, madaktari walimpa msichana wa miaka mitano mwaka 1985, akapona. Shangazi aliposikia vitamini A akaleta kilo mbili za karoti, na daktari ikabidi aeleze kwa upole kwamba karoti ni mboga. Vidonge vya kuanzia vilikuwepo. Vilivyofuata ukoo mzima ulichanga, na sitaki kukumbuka nani hakutoa.

Midomo ilimkauka ikapasuka. Mama akawa anampaka mafuta ya nazi kwa kidole, asubuhi na jioni. Wiki ya tatu damu ya fizi ilikuwa imekoma.

Alipotoka, jirani alikuja kuuliza ni nani aliyemroga. Nilimsikia mama uani: "Si jini, ni jeni. Zimehamiana."

"Zimehama zikaenda wapi?"

"Ngoja nikuletee kanga," mama akasema.